Aulizaye Nyumba ya Hakimu

Jumapili ya tarehe 19 Julai 2020, katika mji wa North Brunswick, jimbo la New Jersey nchini Marekani, mama na mwanawe walikuwa katika chumba cha chini cha nyumba yao wakizungumza. Walikuwa wametoka kusherehekea kutimia kwa kijana miaka 20, na wageni walikwisha kuondoka. Kengele ya mlango ikalia. Kijana akapanda ngazi mbio kwenda kutazama ni nani, kama afanyavyo mtoto yeyote wa adabu ambaye hapendi kumwona mzazi wake akiinuka. Aliyesimama nje alivaa kama mpelekaji wa vifurushi, na mkononi mwake mlikuwa na bastola. Kijana huyo, Daniel Anderl, akafa. Babake, Mark, akapigwa risasi tatu, akapona kwa taabu. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akitafutwa, hakuguswa. Jina lake ni Esther Salas, na ni jaji wa mahakama ya shirikisho.

Muuaji alikuwa wakili. Aliwahi kuwa na kesi mbele ya jaji huyo, na siku ya pili yake alikutwa amekufa kwa mkono wake mwenyewe. Hayo ya chuki yake tuyaache; chuki ni mali ya kale na haina taifa. Lililonishika mimi ni jambo moja alilolisema mama yule hadharani kabla hata majonzi hayajapoa: kwamba mtu yule alikuwa na faili nzima juu yake, nyumba anayokaa, kanisa analosali, mtaa wake na nyendo zake, na kwamba kuipata faili hiyo hakukumtaka avunje kitasa chochote. Alitafuta akapata, kwani vilikuwa vimewekwa mezani.

Miaka imepita tangu nisome habari hii, na haijanitoka. Sababu yangu haiko Marekani. Iko katika uchochoro mmoja wa mji wetu huu, na hapana budi niieleze kwanza, ndipo msomaji ajue ni nani anayesema naye.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Kazi sikuwa nayo. Nilikuwa nashinda barazani na kamusi iliyokatika jalada, nikijifunza peke yangu lugha za watu. Alasiri moja akapita mtu wa makamo, kanzu safi, kikapu cha machungwa mkononi. Akatoa salamu, nikamwitikia. Akaniuliza, "Mwanangu, nyumba ya hakimu ipo wapi?" Mji wetu siku hizo haukuwa na namba za milango. Mtu akiulizwa nyumba hakuwa akielekeza kwa kidole tu, hasa aulizaye akiwa mkubwa wake. Alikuwa akiinuka na kumpeleka. Nikavaa viatu vyangu, nikampokea kikapu, tukakata vichochoro vitatu huku akiniuliza habari za masomo na kuniombea dua. Nilimfikisha mlangoni. Nikapiga hodi kwa sauti yangu mwenyewe, sauti ambayo watu wa ndani waliijua. Kisha nikarudi kwenye kamusi yangu.

Hakimu hakuwapo. Aliyefungua ni mdogo wake, mwanafunzi wa fundi cherehani. Yule mtu alikuwa ameshindwa kesi ya shamba la urithi, na chini ya machungwa palikuwa na rungu. Kijana alivunjwa mkono wa kulia mahali pawili, na vidole viwili havikukunjuka tena. Hakimu alihama mtaa kabla ya mwezi kwisha. Hakuna aliyeniuliza ni nani aliyempeleka mgeni yule, wala mimi sikumwambia mtu.

Basi nisomapo mjadala wa Wamarekani juu ya anwani za majaji, siusomi kama mtazamaji.

Sheria waliyoitunga inaitwa kwa jina la kijana. New Jersey iliipitisha Novemba 2020, miezi minne tu baada ya mauaji. Inawahusu majaji, waendesha mashtaka na askari, waliomo kazini na waliostaafu, pamoja na jamaa wanaokaa nao. Mtu wa aina hiyo akitoa taarifa kwa maandishi kwamba hataki anwani ya nyumba yake wala namba yake ya simu ya nyumbani ionyeshwe, aliyeionyesha ana siku 10 za kazi kuiondoa. Akikataa, anaweza kudaiwa mahakamani dola 1,000 kwa kila kosa. Desemba 2022 serikali ya shirikisho nayo ikapata sheria yake yenye jina hilo hilo, kwa ajili ya majaji wa shirikisho na jamaa zao. Hiyo inawakataza madalali wa taarifa kuuza habari zao, lakini inaacha mlango wazi kwa mwandishi anayeripoti jambo lenye maslahi ya umma.

Nimesema madalali, na sikulitumia neno hili kwa mzaha. Katika nchi ile, hati ya nyumba huandikwa katika daftari lililo wazi ili shamba moja lisiuzwe mara mbili. Orodha ya wapiga kura huwa wazi ili marehemu wasipige kura. Hukumu huwa wazi ili hakimu asile rushwa gizani. Kila daftari lina heri yake, na kila moja peke yake halimdhuru mtu. Akaja mfanyabiashara akayakusanya yote, akayashona pamoja, akayauza kwa bei ndogo kwa yeyote ajaye, pasi na kumwuliza shida yake. Huyo si dalali wa nyumba, maana dalali wa nyumba humtazama mnunuzi usoni.

Nilipokuwa nikiwasimulia vijana wa barazani kwangu habari hii nilikwama, kama inikwamavyo kila siku kazi ya kutafsiri. Wenzetu wana neno moja la haki hii. Kamusi zetu hulitafsiri kwa "faragha," neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya utupu, mahali pasipo na mtu. Lakini jaji yule hakutaka utupu. Alitaka kukaa na mwanawe. "Siri" nayo haifai, kwani anwani ya nyumba si siri. Majirani wanaijua, muuza samaki anaijua, mtoto wa chuoni anaijua. Neno nililolipata baada ya siku nyingi ni lile ambalo bibi zetu walikuwa wakilitumia tangu zamani: sitara.

Sitara haisemi kwamba watu hawajui. Inasema kwamba wanajua na wananyamaza. Pazia la mlangoni si ukuta. Upepo mdogo tu hulifunua, na apitaye hugeuza uso. Mzigo wa sitara uko juu ya macho ya anayeona na ulimi wa anayejua, si juu ya anayesitiriwa. Hapa ndipo lugha yetu na sheria yao zinapopishana. Sheria inampa jaji haki ya kudai afichwe, na hiyo haki ni lazima aidai yeye mwenyewe, kwa barua, kampuni moja baada ya nyingine, nazo ni nyingi. Lugha yetu inamwambia mwenye kujua: umeaminiwa.

Nami niliaminiwa. Sauti yangu ndiyo iliyofungua ule mlango.

Kuna watakaosema, na wanasema kwa hoja nzito, kwamba ukweli hauwezi kuwa kosa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 1979, katika kesi ya gazeti lililotaja jina la mtoto aliyeshitakiwa kwa mauaji, kwamba serikali haiwezi kumwadhibu mtu kwa kuchapisha jambo la kweli lenye maslahi ya umma alilolipata kwa njia ya halali, ila pakiwa na haja kubwa kabisa. Huo ni msimamo wa watu waliowahi kuonja utawala wa kuficha, na mimi siudharau. Lakini kwetu hatukulelewa hivyo. Tulifundishwa chuoni kwamba kusengenya ni kumtaja mtu kwa jambo la kweli asilolipenda. Likiwa la uongo hilo lina jina jingine, buhutani, na dhambi nyingine. Kwa hiyo kumwambia mwalimu "lakini ni kweli" hakukutuokoa na fimbo. Ukweli wa neno haukumaliza maswali. Yalibaki mawili, unamwambia nani, na kwa ajili ya nini.

Nakiri kwamba maswali hayo mawili ni hatari mikononi mwa wenye vyeo. Nimeishi miaka ya kutosha kuona sitara ikigeuzwa blanketi. Mkubwa akijenga nyumba ambayo mshahara wake hauwezi kuijenga, na mtu akauliza, ataambiwa anaingilia nyumba za watu. Nyumba ya mtumishi wa umma wakati mwingine ndiyo ushahidi wenyewe. Kiasi cha matofali yake, mahali ilipo, jina lililoandikwa katika hati, hayo yote yanaweza kuwa ndiyo habari.

Jambo hili lilijaribiwa hasa, tena jirani kabisa na pale alipouawa Daniel. Katika mji wa New Brunswick, mwaka 2023, mhariri wa gazeti dogo aligundua kwamba mkurugenzi wa polisi wa mji huo hakuwa akiishi karibu na watu anaowalinda, bali Cape May, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Aliipata anwani kwa njia ya halali, katika kumbukumbu za wapiga kura. Alipoisema katika mkutano wa baraza la mji alipelekewa barua ya kumwonya kwa sheria ya Daniel. Akaenda mahakamani, akashindwa, akakata rufaa, akashindwa tena, na mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikamaliza neno. Ilikubali kwamba mahali anapoishi mkuu wa polisi ni jambo lenye maslahi ya umma. Ikasema hata hivyo kwamba mhariri anaweza kuutaja mji wa Cape May na kueleza umbali wake. Jina la mtaa na namba ya nyumba haviongezi kitu katika hoja yake.

Nimeisoma hukumu hiyo nikiwa na kalamu mkononi, kama nisomavyo shairi la mtu ninayeshindana naye, nikitafuta pa kulivunja. Sikupaona. Wananchi wa New Brunswick walikuwa na haki ya kujua kwamba mlinzi wao analala mbali. Walimhitaji aeleze, na pengine walimhitaji aondoke. Hawakuihitaji namba ya mlango. Namba ya mlango ina kazi moja tu, kumfikisha mtu mlangoni. Na atakaye kumwuliza mtumishi wa umma habari za kazi yake anapo pa kwendea, ofisini, kortini, barazani.

Hata hivyo lipo la kuogopa. Barua ile ya onyo haikumpa mhariri mgawanyo huu mzuri wa mji na mtaa. Mgawanyo ulikuja baada ya miaka miwili ya kesi. Mhariri mwingine, mwenye gazeti dogo zaidi na mke mwenye hofu zaidi, angeipata barua ile na kuikunja habari yote, pamoja na Cape May na umbali wake. Sheria inayolinda mlango ikiwa na kivuli kirefu hivyo, uani nako huingia giza. Na pesa nazo zikaingia, kama ziingiavyo kila mahali: mwaka 2024 kampuni moja iliyokusanya madai ya maelfu ya askari na watumishi wengine ilizifungulia kesi kampuni zaidi ya 100, kila kosa kwa dola zake 1,000. Sisemi kwamba kampuni zile hazikustahili. Nasema jina la mtoto aliyekufa limekuwa na bei, na mama yake analisikia likitajwa humo.

Tena, sitara hii ni ya nani? Mtoza ushuru aliyempandishia mtu kodi hayumo. Mwalimu aliyemwangusha mtoto wa mtu mkali katika mtihani hayumo. Wamarekani, kwa haki yao, walianza zamani na wanyonge: jimbo la Washington tangu mwaka 1991 lina mpango wa kumpa mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji anwani ya badala, barua zake zipite kwa serikali na mume asijue alipo. Lakini mwanamke yule huandikiwa mlango mwingine baada ya kupigwa. Jaji anasitiriwa kwa cheo. Mimi ningependa ngazi ile ipandwe kutoka chini, dalali akatazwe kuuza mlango wa mtu yeyote, na asiwepo wa kuandika barua mia kuomba asiuzwe. Najua ni rahisi kulisema hili kwa mtu asiye na biashara.

Wabunge ni swali gumu zaidi. Jaji husema mara moja, katika hukumu yake, kisha hunyamaza. Hatakiwi kubembelezwa wala kutishwa, na anayemfuata nyumbani hana jema analolitaka. Mbunge amechaguliwa ili asumbuliwe. Juni 2024 vijana wa Kenya waliokuwa wakiupinga Muswada wa Fedha walisambaza namba za simu za wabunge wao, wakawapigia na kuwaandikia usiku na mchana. Wabunge walilalamika. Mimi, niseme kweli yangu, sikuwahurumia. Simu ya mwakilishi ni baraza yake, na baraza imejengwa nje ya mlango makusudi ili watu wakae, wateta, wapige kelele, na mwenye nyumba atoke awasikilize. Lakini mwezi huo huo mali za baadhi yao zilivamiwa, na hapo baraza ilikuwa imekwisha kuvukwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 14 Juni 2025, huko Minnesota, mtu aliyevaa kama askari polisi alibisha usiku wa manane katika nyumba ya Melissa Hortman, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo, akamuua yeye na mumewe. Usiku huo huo alikwisha kumjeruhi kwa risasi seneta mmoja na mkewe, mlangoni mwao. Waendesha mashtaka walisema madaftari yake yalikuwa na majina ya viongozi wengi na anwani za nyumba zao.

Vazi la mpelekaji vifurushi, vazi la askari, kikapu cha machungwa. Nimeliona hilo nikashituka. Hakuna kati yao aliyekuja na uso wake. Wote walikuja na kile ambacho adabu ya watu wa ndani haiwezi kukikatalia.

Na sisi? Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nchi yetu iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi. Mitaa ikaandikwa majina, milango ikapata namba. Mwaka huo huo Bunge la Muungano likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 2023. Namba si jambo baya. Mgonjwa hupatikana upesi, na barua hazihitaji tena sanduku la posta la jirani. Lakini ukongwe wetu ulikuwa na ulinzi mmoja ambao hatukuujua kuwa ni ulinzi: aliyeitaka nyumba ya mtu alilazimika kumwuliza mtu. Uso ulionana na uso. Aliyeulizwa aliweza kusema subiri, aliweza kumtuma mtoto kwanza akaulize, aliweza kutazama kikapuni.

Nilisema aliweza. Sikutazama.

Mwaka 2025 majaji wengi wa Marekani walianza kupelekewa piza majumbani mwao, usiku, piza ambazo hawakuziagiza. Maana yake ilieleweka bila maandishi: tunajua unapolala. Baadhi ya piza hizo ziliagizwa kwa jina la Daniel Anderl. Mama yake alilisema hilo hadharani, kama alivyoyasema yote tangu mwanzo, na sijui mwanadamu anatoa wapi nguvu hizo. Sheria imelifuta jina la mtaa katika orodha za madalali. Haikuweza kulifuta jina la mtoto katika vinywa vya watu wale.

Yule mwanafunzi wa cherehani sasa ni fundi kamili, ana mvi kama mimi. Hushona kwa mkono wa kulia wenye vidole vitatu vinavyotii, na kanzu zake zinasifiwa. Mimi hushonesha kwake kila Idi tangu nilipoanza kupata pesa za kushonesha. Idi iliyopita alinipima, akaandika vipimo kwa chaki juu ya meza, akaniuliza siku hizi nimehamia wapi, ili mtoto aniletee kanzu ikiwa tayari nisijisumbue kuja. Nikamtajia mtaa, na uchochoro, na rangi ya mlango. Akauliza, "Nikimtuma mtoto atapotea?" Nikamwambia hatapotea, aulize tu. Lile jingine sikumwambia.